Komisioneri wa nyumba: alitoka wapi, na tunamlipia nini?

Ukitembea Goma, toka Birere hadi Katindo, au ukivuka ziwa uende Bukavu, utakuta ukutani maandishi ya rangi: «Nyumba hii haiuzwi». Pengine yameandikwa kwa Kifaransa, pengine kwa Kiswahili, pengine yana hata namba ya parseli. Mgeni anashangaa. Kwao mtu anayeuza ndiye anayeweka bango. Kwetu asiyeuza ndiye anayeandika ukuta wake.

Mwenyeji hashangai. Anajua kwamba hapa nyumba inaweza kuuzwa wakati mwenyewe yuko kazini, safarini, au matangani. Anajua pia kwamba katika kila mauzo ya namna hiyo yupo mtu wa tatu, si muuzaji wala si mnunuzi, aliyemleta huyu kwa yule na akapata asilimia yake. Mtu huyo tunamwita komisioneri.

Kila mara tunapofungua simu katika kipindi cha redio kuzungumzia mambo ya parseli, jina lake ndilo linalotajwa kwanza. Sisahau mama mmoja mjane wa Ndosho. Pesa ya mwisho wa kazi ya marehemu mume wake aliinunulia nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Alilipa dola 9,000. Komisioneri alichukua asilimia 5 kwake, na asilimia 5 nyingine kwa muuzaji. Miezi mitatu baadaye familia nyingine ilifika na karatasi ya zamani kuliko ya kwake. Muuzaji alikuwa amezima simu. Mama akamtafuta komisioneri, akampata, naye hakukimbia. Alimjibu kwa upole: «Mama, kazi yangu ilikuwa kuwaunganisha. Niliwaunganisha.»

Ndugu msomaji, jibu lile limenisumbua kwa sababu ndani yake kuna ukweli. Yule kijana alilipwa kwa kazi aliyoifanya. Shida ni kwamba mama alidhani amemlipa kwa kazi nyingine. Ili tujue tofauti hiyo ilitoka wapi, lazima turudi nyuma sana.

Udongo wa Serikali, nyumba ya mtu

Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Léopold II ilitoa amri kwamba ardhi zote zisizo na mtu ni za Serikali. Wazee wetu walikuwa na mashamba ya kupumzisha, pori la kuwindia, kilima cha kuchungia. Machoni pa wazungu hayo yote yalionekana kama ardhi isiyo na mtu. Tokea siku ile udongo ulianza kuwa na mwenyewe ambaye hakai juu yake.

Kwa ardhi walizogawiwa wazungu, Serikali ilileta utaratibu uliobuniwa na Robert Torrens kule Australia Kusini mwaka wa 1858. Utaratibu huo ni mwepisi kueleza: mwenye mali ni yule aliyeandikwa katika kitabu cha Serikali. Si yule mwenye barua ya kununulia, wala si yule aliyekaa muda mrefu. Karatasi inayotoka katika kitabu hicho ndiyo sertifika ya uandikishaji tunayoijua mpaka leo.

Huku Kivu mwaka wa 1928 iliundwa Comité National du Kivu, ikapewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi. Jiji kubwa lilikuwa Bukavu, lililoitwa kwa muda Costermansville. Goma ilikuwa posti ndogo tu kando ya Gisenyi. Mzungu aliyetaka kiwanja cha kando ya ziwa alipata ramani, namba na sertifika.

Mwafrika wa mjini alikuwa na maisha mengine. Mwaka wa 1931 sheria iliunda vile vilivyoitwa «centres extra-coutumiers», yaani mitaa ya Waafrika walioishi nje ya utawala wa machifu wa kijijini. Mle mtu alipewa ruhusa ya kukaa. Alijenga nyumba, lakini udongo haukuwa wake. Mwaka wa 1952 Office des Cités Africaines ilianza kujenga nyumba za kudumu katika miji mikubwa, Bukavu ikiwa mmojawapo. Na ni mwaka wa 1953 tu Mkongomani aliporuhusiwa na sheria kumiliki ardhi kwa jina lake mwenyewe.

Wakati ule mtaani komisioneri hakuwa na nafasi. Ofisi ilijua nani anakaa wapi, na mtu alipohama ofisi ndiyo iliyoandika. Ulikuwa utawala wa kubana watu, hatuusifu. Lakini kitabu na nyumba vilikuwa bado vinaongea lugha moja.

Wenye funguo

Mwaka wa 1960 uhuru ulikuja, na wazungu wengi waliondoka haraka. Mzee mmoja wa Himbi aliwahi kunieleza mambo yalivyokuwa kwenye nyumba za kando ya ziwa. Mwenyewe alipanda gari akisema atarudi, akamwachia funguo mpishi au mlinzi. Mtu aliyetaka nyumba hakwenda ofisini, maana ofisini hapakuwa na mtu wa kumjibu. Alikwenda kwa mwenye funguo, akampa chochote ili aone ndani na ajue mwenyewe yuko wapi. «Sisi hatukuita komisheni,» mzee alisema. «Tuliita asante.»

Hapo ndipo ninapoona mwanzo wa kazi hii. Asante ililipwa kwa mtu anayejua kitu ambacho kitabu hakikijui tena.

Kisha sheria zikaja mfululizo. Tarehe 7 Juni 1966 sheria ya Bakajika ilirudisha ardhi yote mikononi mwa Serikali ya Kongo. Tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria namba 73-021, ambayo pamoja na marekebisho ya mwaka wa 1980 ndiyo msingi wa mambo ya ardhi tuliyokulia. Kifungu chake cha 53 kinasema kwamba udongo ni mali ya Serikali peke yake, hauuzwi na haupotei kwa kupita miaka. Raia anapata konsesheni, yaani haki ya kuutumia, na kwa raia haki hiyo inaweza kuwa ya kudumu. Kifungu cha 219 kinaongeza kwamba haki hiyo haitambuliwi kisheria mpaka iwe na sertifika ya uandikishaji.

Miezi michache baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza zaïrianisation. Maduka, mashamba na majumba ya wageni yaligawiwa wananchi, na mara nyingi wale wenye jamaa serikalini. Nyumba moja ikawa na mwenyewe wa kitabuni aliyeko Ubelgiji au Ugiriki, mwenyewe wa barua aliyeko Kinshasa, na mwenyewe wa kukaa aliyeko hapa. Baadaye watu hao watatu, au watoto wao, wote walikuja kuuza.

Sheria inasema bila sertifika huna kitu, lakini wananchi wengi hawakuwahi kuipata. Ofisi ni mbali, lugha yake ni Kifaransa cha wanasheria, na kila dirisha lina gharama yake. Watu walishika karatasi walizoweza kuzipata: fishi ya parseli ya komini, barua ya chifu, karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya shefu wa avenyu na mashahidi wawili. Karatasi hizo zinasaidia kuonyesha kwamba kuna jambo lilifanyika. Hazikufanyi mwenye mali mbele ya kitabu.

Kati ya kitabu kinachosema hivi na mtaa unaosema vile palifunguka mwanya. Komisioneri alijenga kibanda chake mlemle.

Dola, wakimbizi na lava

Miaka ya 1990 iliufanya mwanya ule kuwa barabara. Uporaji wa Septemba 1991 na ule wa 1993 uliangusha viwanda na maduka. Mishahara ilipotea, pesa ya Zaire ikawa majani, na bei ya nyumba ikahesabiwa kwa dola. Kijana aliyesoma lakini hana kazi alikuwa na mtaji mmoja tu: miguu na masikio.

Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma na vijiji vyake katika siku chache. Nyuma yao yalikuja mashirika ya msaada, na baada ya mwaka wa 1999 ukaja ujumbe wa Umoja wa Mataifa. Wote walitaka nyumba zenye ukuta, kisima na nafasi ya magari, na waliweza kulipa kwa mwezi pesa ambazo mwalimu hazipati kwa mwaka. Aliyejua nani yuko tayari kuhama Himbi au Katindo alikula vizuri. Vita vya vijijini navyo viliendelea kuleta watu mjini, na kila mtu alihitaji mahali pa kulala.

Halafu ikaja tarehe 17 Januari 2002. Nyiragongo ilipasuka, lava ikakata mji katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege ikafika ziwani. Watu wapatao 120,000 walibaki bila nyumba. Sisi tuliokuwa watoto tunakumbuka moto. Wakubwa wanakumbuka jambo jingine pia: mipaka ilipotea. Bonde la jirani, mti wa avokado, jiwe la kadastri, ukuta wa choo, vyote vililala chini ya jiwe jeusi. Karatasi za wengi ziliungua pamoja na masanduku.

Nani alijua tena kwamba parseli ya huyu ilianzia hapa? Walijua majirani, shefu wa avenyu, na wale vijana waliozunguka kila siku. Wapo waliotumia elimu hiyo kwa haki, wakarudisha familia mahali pake, na nyumba nyingi za Goma zinasimama kwa sababu yao. Wapo pia walioiuza mara mbili.

Anapataje pesa yake

Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe, kwa maana watu wengi wanaona dola zikitoka mfukoni bila kujua zinakwenda wapi.

Njia ya kwanza ni pesa ya kutembea. Kabla hujaona nyumba hata moja, unatoa dola chache. Ikiwa hukupenda nyumba, pesa hairudi. Wapo wanaoishi kwa hiyo tu, wakionyesha wateja kumi nyumba moja iliyokwisha kupata mtu.

Njia ya pili ni asilimia ya bei. Kwetu inapatanwa, mara nyingi kati ya 5 na 10 kwa mia. Pengine anatoa muuzaji, pengine mnunuzi, pengine wote wawili kila mmoja bila kumwambia mwenzake. Kwa nyumba ya dola 30,000, asilimia 5 ni dola 1,500. Usifikiri zote zinaingia mfuko mmoja. Aliyeijua nyumba si yule aliyekujua wewe. Kati yao wanaweza kuwepo wawili wengine waliopigiana simu. Wakigawana wanne, kila mmoja anabaki na dola 375, na pengine ni pesa yake ya miezi miwili.

Njia ya tatu ni ile ya kuongeza juu. Mwenye nyumba anasema: «Mimi nataka 20,000, zingine ni zako.» Komisioneri anatafuta mtu wa 23,000 na kubaki na 3,000. Mnunuzi hajui, ndiyo maana katika mauzo ya namna hii atafanya kila njia msikutane ninyi wawili uso kwa uso mpaka siku ya pesa.

Kwa upande wa kupanga kuna garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Mtaani watu bado wanaombwa miezi sita au zaidi, na komisioneri naye anaomba sehemu yake. Anayehama kila mwaka anamlipa kila mwaka.

Angalia sasa hesabu ya ile asilimia. Tuseme una nyumba, leo kuna mteja wa dola 30,000, na ukisubiri miezi miwili huenda akaja wa 31,000. Kwako wewe kusubiri kunaleta dola 950. Kwa komisioneri wa asilimia 5 kunaleta dola 50, tena za kugawana. Atakwambia nini? Atakwambia: «Papa, chukua sasa, pesa imekimbia mjini.» Haina maana kwamba ni mwongo. Ndivyo mshahara wake unavyomfundisha kusema.

Na kwa upande wa karatasi ni vilevile. Akigundua kwamba parseli ina kesi ya warithi akanyamaza, anapata dola 1,500. Akikwambia ukaondoka, anapata sifuri. Tumemlipa kwa kufunga mauzo, kisha tunashangaa kwamba anafunga mauzo. Yule kijana wa Ndosho alikuwa mtoto wa mpango huo.

Wako waaminifu. Nawajua makomisioneri waliopoteza mauzo makubwa kwa kusema: «Mama, usinunue hii.» Lakini mji hauwezi kujengwa juu ya uzuri wa moyo wa mtu ambaye watoto wake hawajala.

Sheria ilikuwa imelala tu

Nilipoanza kutafuta habari hii nilidhani nitakuta kwamba sheria haina neno. Nilikuta maneno mawili, na yote yanatusaidia.

La kwanza ni la zamani sana. Sheria yetu ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888 inasema kwamba kumtuma mtu akufanyie jambo kwa jina lako ni bure, isipokuwa mmepatana vingine. Maana yake komisheni haizaliwi yenyewe. Inazaliwa na mapatano. Kama hamkupatana kabla, mdomo wake wa siku ya mwisho si sheria.

La pili lilikuja baada ya Kongo kuingia OHADA mwezi wa Septemba 2012. Sheria ya OHADA ya biashara inawahesabu watu wa kati katika mauzo na upangishaji wa majumba kuwa watu wa biashara. Kwa hiyo wanatakiwa kuandikishwa katika rejista ya biashara kama mwenye duka. Na kwa lugha ya sheria hiyo, huyu tunayemwita komisioneri kwa kweli ni «courtier». Commissionnaire wa sheria ananunua au kuuza kwa jina lake mwenyewe kwa ajili ya mwingine. Courtier anakutanisha watu wawili kisha anakaa kando, bila kuegemea upande wowote. Yule kijana alimjibu mama kama courtier kamili, ingawa pengine hakuwahi kulisikia neno hilo.

Sheria hiyo inasema mambo matatu ambayo kila nyumba ingefaa kuyajua. Kama muuzaji peke yake ndiye aliyemtuma, komisheni inatoka ndani ya bei, haiongezwi juu ya mnunuzi. Kama wote wawili walimtuma, mapatano yao ndiyo yanayosema nani analipa. Na kama mauzo yamefanywa chini ya sharti linalosubiriwa, komisheni haidaiwi mpaka sharti hilo litimie.

Msomaji, simama hapo kwenye jambo la tatu. Ndilo ufunguo.

Siku ya kulipa

Wewe na muuzaji mnaweza kuandika katika mkataba kwamba mauzo haya yanategemea sharti moja: konservateri wa hati za mali akubali kuhamisha parseli na kuandika jina la mnunuzi kitabuni. Na hapohapo mnaandika kwamba komisioneri, ambaye naye anatia sahihi, atalipwa siku hiyo. Sehemu ndogo anaweza kuipata mapema, kwa maana anatembea na anakula. Sehemu kubwa ingoje sertifika.

Uone kinachobadilika. Yule mtu anayewajua shefu wa avenyu, jirani, mjomba anayegombana na warithi, na karani wa kadastri, sasa ana sababu ya kutumia elimu hiyo kwa ajili yako. Parseli yenye kesi inakuwa hasara kwake kabla haijawa hasara kwako. Atakwenda mwenyewe ofisini kuuliza, kwa sababu dola zake 1,500 ziko mle ndani ya kitabu. Masikio yake ni yaleyale, na sasa yanasikiliza kwa ajili ya mnunuzi.

Wengine watasema: ofisi inachelewa, komisioneri atakataa. Nilimuuliza mmoja wa Birere aliyefanya kazi hii tangu kabla ya lava ya 2002. Alicheka, akasema: «Wakikataa wengine, mimi nitakubali. Lakini nitaomba asilimia 7, si 5.» Nikamwambia hiyo ni biashara ya haki. Kwa nyumba ya dola 9,000, asilimia 2 za nyongeza ni dola 180. Yule mama wa Ndosho angezitoa huku akiimba.

Leo mama yule anapanga chumba kimoja na watoto wake wanne. Kesi yake iko mahakamani, na kila tarehe ya kesi inamgharimu nauli na siku ya soko. Nilipomuuliza kama ana neno kwa wasikilizaji, hakumlaani mtu. Alisema: «Waambie wasilipe siku ya furaha. Walipe siku ya karatasi.»

Ukipita kesho mbele ya ukuta ulioandikwa «Nyumba hii haiuzwi», kumbuka kwamba aliyeandika anafanya kwa brashi kazi ambayo kitabu cha Serikali kilipaswa kumfanyia. Na kama wewe ndiye unayenunua, ushike pesa ya komisioneri mkononi mpaka uone jina lako kitabuni.